Nyumba ya Bariadi kwa Jina la Mpwa

Yamezuka katika nyumba zetu za pwani maneno ambayo watu huyasema kwa furaha na sisi huyasikia kwa hofu. Utayasikia harusini, utayasikia matangani, utayasikia barazani baada ya swala ya Isha: "Mzee amestaafu, anahamia Bariadi. Maisha kule ni nafuu, maziwa tele, na ndugu wapo." Waliokaa huitikia Mashaallah, kisha mazungumzo yakageukia mambo mengine. Hapana hata mmoja aulizaye mzee huyo ana paspoti ya nchi gani, ataingia kwa kibali gani, nyumba atakayolala imeandikwa jina la nani, na endapo yeye atatangulia mbele ya haki, mkewe atabaki pale kwa ruhusa ipi.

Maswali hayo yamefanywa kuwa ni utovu wa adabu. Mwenye kuyauliza huambiwa ana roho mbaya, au anataka kuvunja udugu, au amekuwa Mzungu. Basi sisi leo tunayauliza hadharani, na atakayechukizwa na achukizwe. Kwani tunaona wazee wetu wanatiwa mtegoni kwa mikono ya watoto wao wenyewe, na mtego huo umepambwa kwa jina zuri la "kurudi nyumbani."

Huenda msomaji wa Lamu au Pangani akasema: Bariadi ni wapi, na mtu wa pwani ana nini kule? Bariadi ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa katika Shinyanga, na wilaya ya Busega ikatolewa upande wa Mwanza. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe, iliyo kati ya Ziwa Victoria na mbuga za Serengeti. Tangu enzi ya Waingereza, katika miji midogo ya Usukuma, maduka mengi yalikuwa ya Waarabu na Wahindi. Walinunua pamba na ngozi, wakauza kanga, chumvi na mafuta ya taa. Waarabu wengine walioa Wasukuma, wakazaa watoto waliosema Kisukuma kabla ya Kiswahili, na Kiarabu hawakukijua ila kile cha kuswalia. Na vijana wa pwani nao walikuwa wakiitwa na ami zao kwenda kusimama nyuma ya meza za maduka hayo, wengine wakakaa mwaka, wengine wakakaa umri.

Kisha dunia ikageuka. Lilikuja Azimio la Arusha mwaka 1967, ikaja sheria ya kutwaa majumba ya mwaka 1971, ukaja msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Upande wa pili, Sultan Qaboos alishika nchi ya Oman mwaka 1970 na kuwafungulia mlango wenye asili ya kule. Wakatoka watu. Wengine walikwenda Muscat na Dubai, wengine Mombasa, na watoto wao wakafika London na Toronto. Ajabu ni kwamba mtu aliyezaliwa Bariadi, ambaye bahari ya Unguja hajaiona ila siku aliyopanda ndege, akifika Muscat huitwa Mzinjibari, na mwenyewe akikaa miaka kumi huzoea kuitika.

Watu hao sasa wamekula chumvi nyingi. Nyumba za Muscat ni za kujifungia kwa baridi ya mashine, wajukuu hawasemi Kiswahili, na mzee hukaa akikumbuka michembe na matobolwa, na salamu za "mwangaluka" za asubuhi, na vumbi la ng'ombe wanaporudi jioni. Hatumlaumu kwa kutamani. Mtu kutamani kufa mahali alipozaliwa ni jambo la kawaida katika maumbile ya wanaadamu. Tunaowalaumu ni wale wanaoyachukua matamanio hayo na kuyajengea nyumba ya uwongo.

Tulichukue kwanza hilo neno "nyumbani." Katika ulimi wetu nyumbani ni mahali palipo na makaburi ya wazazi. Katika sheria siyo. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Aliyechukua uraia wa Oman, au wa Uingereza, au wa Kanada, kwa hiari yake na akili zake timamu, ameuacha ule wa kwanza, hata kama babu yake ndiye aliyechimba kisima cha msikiti. Hata Oman yenyewe haimwachii raia wake kushika uraia wa pili bila ya ruhusa. Kwa hiyo mzee huyo anaposhuka katika ardhi ya Tanzania, yeye ni mgeni. Atapewa ruhusa ya matembezi yenye siku zake, na akitaka kukaa lazima aombe kibali cha ukaazi cha daraja C, la wale wasiokuja kwa biashara wala kwa ajira. Na kibali hicho kina tarehe ya kwisha, kina ada, na kila kikikaribia kwisha huombwa tena. Mzee wa miaka 78, mwenye macho ya mtoto wa jicho, atakuwa na safari za ofisi ya Uhamiaji mpaka mwisho wa uhai wake. Nani aliyemweleza haya kabla hajauza vyombo vyake?

Na ndugu zetu wa Mombasa wasidhani kwamba wao wamesalimika. Mkenya ni mgeni Bariadi. Watu wamesikia habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki na soko la pamoja lililoanza tarehe 1 Julai 2010, wakafahamu kwamba mipaka imekwisha. Haikwisha. Haki ya kukaa iliyotajwa katika itifaki ile inamfuata mwenye kazi au mwenye shughuli yake ya kujiajiri, na habari ya ardhi imeachiwa sheria za kila nchi. Mzee aliyekwisha kufanya kazi zake na sasa anataka kukaa kitako hakutajwa pale. Ama ndugu wa Unguja na Pemba, yeye ni raia wa Jamhuri ya Muungano, Bariadi ni nchi yake, na maneno haya hayamhusu, illa kama naye amekwisha kula kiapo cha nchi nyingine.

Sasa tuje kwenye nyumba, kwani hapo ndipo penye kidonda.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu chake cha 20, imesema wazi kwamba asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Nyumba ya kuzeekea yenye mwembe uani si uwekezaji, na hapana ofisa atakayekubali kuwa ni uwekezaji. Watu wetu wanalijua hili. Wanalijua sana! Na kwa kuwa wanalijua, wamebuni ujanja wao: pesa hutoka Muscat au London, kiwanja hununuliwa Bariadi, na karatasi huandikwa jina la mpwa. Mpwa ni raia, mpwa ni mtu wa palepale, mpwa ni mtoto wa dada yetu, basi hapana neno. Mzee hupelekewa picha kwa simu: msingi huo, kuta hizo, bati la rangi hilo. Huonyesha wenziwe msikitini, na wenziwe humpongeza kwa nyumba yake.

Nyumba yake? Hebu tuulize kwa utaratibu. Katika karatasi ya kiwanja jina lake halimo. Mapatano baina yake na mpwa hayakuandikwa, na lau yangeandikwa yangekuwa ushahidi wa watu wawili waliokaa kuizunguka sheria, na hakimu hawezi kukusaidia kuvuna ulichokipanda kinyume cha sheria yake. Jirani wote wanajua nyumba ni ya mpwa, kwa sababu mpwa ndiye aliyesimamia mafundi na ndiye aliyekwenda kwa mtendaji. Kilichobaki mkononi mwa mzee ni maneno ya kwenye simu na moyo wa mpwa wake.

Watatujibu: moyo wa mpwa unatosha, huyo ni damu yetu. Naam, tuseme ni mtu mwema kuliko wote waliopata kuzaliwa Usukuma. Tuseme hana tamaa hata chembe. Je, hafi? Chukua mfano huo na uutazame vizuri. Mpwa mwema amekufa kwa ajali ya pikipiki katika njia ya Lamadi, ameacha mke na watoto wanne. Msimamizi wa mirathi anakusanya mali za marehemu, na nyumba imo, kwa jina lake. Kwa sheria ya dola ni yao. Na kwa sheria ya dini utasemaje? Utakwenda na picha za simu uwaambie mayatima watoke? Utamleta shahidi gani, na atashuhudia nini, kwamba marehemu baba yao alikuwa akisema uwongo mbele ya serikali kwa miaka kumi na miwili? Watoto wale wamekua wakijua kwamba nyumba ni ya baba yao. Mama yao alizibeba ndoo za maji za kujengea. Hapo mzee wa watu atakuwa amekaa kitini katika ua ule, mgeni nchini na mgeni nyumbani, na kila atakalolisema litamfanya aonekane mla mali ya yatima.

Ndiyo maana tunasema kwamba ujanja huu unamdhulumu mpwa pia. Amebebeshwa uwongo ambao hakuuomba, na mara nyingi hakuweza kuukataa, kwani ni mjomba ndiye aliyemsomesha, na ni mjomba ndiye anayeleta pesa za Idi. Kila siku yumo katika hali ya kuonekana tajiri asiye na mali. Ndugu zake wa upande wa baba wanamwomba mikopo kwa sababu ana nyumba ya bati la rangi. Na siku akiteleza akaiweka nyumba rehani, tutakaa Mombasa tukimwita mwizi, na tutasema "hawa watu wa bara ndivyo walivyo." Maneno hayo tumeyasikia na ni maneno ya aibu. Mtu uliyempa mali yako bila ya karatasi, ukamnyima hata haki ya kusema kuwa si yake, kisha ukamtukana kabila!

Dini yetu haikutuacha gizani katika jambo hili. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, ni aya ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na waliohutubiwa mle ni waumini, ndugu kwa ndugu. Kuandikiana hakukuwekwa kwa ajili ya maadui. Na hiba nayo ina sheria zake: mwenye kutoa lazima atamke, na kitu kikabidhiwe, kiwe cha aliyepewa kikweli. Basi mzee na achague neno moja kati ya mawili, alitamke mbele ya mashahidi. Akisema, "Nyumba hii nimempa mpwa wangu," basi ampe, na watoto wake wa Muscat wasikie kwa masikio yao kwamba haimo tena katika urithi wao, na yeye ajue kuwa anakaa kwa hisani. Au asijenge, akodi. Kukodi hakukatazwi mgeni. Lakini hili la katikati, la kutoa bila ya kutoa, kumiliki bila ya kumiliki, halina jina katika fiqhi wala katika sheria ya Dodoma, na sisi tunalipa jina lake: ni hila.

Na wanaosema kwamba karatasi ni desturi ya kigeni isiyofaa baina ya watu wa udongo ule, hawaujui udongo ule. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walichoka kupunjwa na wanunuzi, wakaweka watu wao wa kusimama kando ya mizani na kuusoma uzito. Baadhi ya mizani hiyo, tusifichane, ilikuwa ya watu wetu sisi. Katika harakati zile vikainuka vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likasimama shirikisho lao la Victoria ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Msukuma hakuona kwamba kuweka shahidi penye mizani ni kuvunja ujirani. Sisi wenye aya ya deni ndio tunaoona haya.

Kuna na wengine wenye ujanja mbaya zaidi. Hawa wameihifadhi paspoti ya zamani ya Tanzania mvunguni, nao huingilia hiyo na kutokea nyingine, wakijiona werevu. Mbali ya kwamba ni kosa la jinai, hebu fikiri juu ya utulivu wa moyo wa mtu wa namna hiyo. Mji mdogo hauna siri. Muuza duka anajua, mwenye bodaboda anajua, jirani anajua. Siku zote watanyamaza na watakuamkia kwa heshima, na siku ya ugomvi wa mpaka wa kiwanja ndipo uraia wako utakapokumbukwa. Mtu aliyekwenda kutafuta raha ya uzee amejitia katika utumwa wa kila mwenye ulimi.

Tumewasema wazee na wapwa. Sasa ni zamu ya watoto, nao ndio wenye sehemu kubwa ya lawama hii.

Mtoto aliyeko London hufanya hesabu. Kumweka baba hapa ni ghali, chumba hakitoshi, mke hataki. Bariadi msichana wa kazi atapatikana kwa pesa kidogo, na mchele wa Usukuma una sifa. Basi humwambia baba maneno matamu ya nyumbani na hewa safi, hali ya kuwa hesabu yake ni ya kupunguza gharama. Tungependa hesabu hiyo angalau iwe sahihi! Pensheni ya serikali ya Uingereza huongezwa mwaka kwa mwaka kwa aliyebaki Uingereza. Aliyehamia Tanzania au Kenya hugandishwa pale pale, na bei za sokoni hazigandi pamoja naye. Ruzuku ya nyongeza kwa wazee wenye kipato kidogo hukatika akihama. Matibabu ya bure ya hospitali za kule ni haki ya akaaye kule, wala siyo ya mwenye paspoti, kwa hiyo yule anayejiambia "nikiugua sana nitarudi kutibiwa" huenda akarudi akaletewa hesabu ya kulipa. Kanada nayo hailipi pensheni yake ya uzee kwa aliyehama moja kwa moja ila awe amekaa nchini humo miaka 20 baada ya kutimiza miaka 18, na ile nyongeza ya wenye kipato kidogo husimama baada ya miezi sita. Oman, kwa sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2023, imempangia raia aliyetimiza miaka 60 riali 115 kwa mwezi. Kabla ya kufunga sanduku, mzee na aende mwenyewe ofisini aulize kama riali hizo humfuata mtu aliyehamisha makazi yake, asitosheke na jibu la barazani.

Na maradhi je? Uzee haupandi ndege ukabaki na nguvu zake. Bariadi ina hospitali yake ya rufaa ya mkoa, na lami imefika, mambo si kama yalivyokuwa enzi ya ami zetu. Lakini mwenye saratani, au moyo, au figo za kusafishwa mara tatu kwa juma, ajue mapema kama dawa yake iko mjini pale au ni ya Bugando, Mwanza, kwa njia ya Lamadi, na ni nani atakayekaa naye katika gari hiyo, na ni nani atakayelala naye wodini. Katika hospitali zetu mgonjwa asiye na mtu wa kumletea uji na kukimbilia dawa huteseka. Msichana wa kazi wa miaka kumi na saba siye mtu huyo. Kwa hakika tungependa kila mtoto anayesema "baba atatunzwa na ndugu" alitaje jina la huyo ndugu, kisha tumwite huyo ndugu tumuulize kama aliombwa.

Bibi naye amesahauliwa katika mazungumzo yote haya, na yeye ndiye tunayemwonea uchungu zaidi. Mume ni mzaliwa wa Bariadi. Mke mara nyingi ni mtu wa Mombasa, au wa Malindi, au aliyezaliwa Muscat. Amemfuata mumewe kwa utiifu katika mji ambao hauna bahari, nazi hufika kwa lori, na wanawake wenziwe kisimani na sokoni wanasema lugha asiyoijua. Kibali chake, ikiwa kipo, kimeandikwa kwamba yeye ni tegemezi wa mumewe. Mume akifa, kile alichokitegemea kimekatika, na mjane akiwa bado katika eda anapaswa kufikiri juu ya muhuri wa Uhamiaji. Sheria yetu imempa robo ya mali ya mumewe ikiwa mume hakuacha mtoto, na thumni ikiwa ameacha. Tumuulize sasa yule mzee mjanja: thumni ya nini? Nyumba ni ya mpwa. Samani ziliandikwa na mpwa. Pesa za Muscat zilikwisha katika bati la rangi. Umemwoa mwanamke miaka hamsini, akakuzalia, akakuuguza, kisha ukamwachia thumni ya kitu ambacho mbele ya kila mahakama si chako!

Huko Kenya na Zanzibar kuna makadhi wanaotambuliwa na dola. Tanzania Bara shauri la mirathi ya Kiislamu husikilizwa katika mahakama ya serikali, kwa kawaida mahakama ya mwanzo, nayo hugawa kile kilichothibiti kuwa cha marehemu. Hakimu wa Bariadi hata akiwa mwadilifu namna gani hawezi kumpa mjane kilichofichwa na mumewe kwa makusudi.

Je, tunasema wazee wasiende? Hasha. Tunasema waingilie mlangoni. Na mlango leo ni mpana kuliko jana. Mwaka 2025 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria za uhamiaji na za ardhi ili wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine waweze kupewa hadhi maalum, na kwa hadhi hiyo wapate njia ya kukaa na kumiliki ardhi kwa masharti yaliyowekwa. Hadhi hiyo siyo uraia, na haimhusu mtu wa Malindi ambaye hajapata kuwa Mtanzania, wala haimjii mtu usingizini. Huombwa, na mwombaji huonyesha asili yake. Basi wale waliokwisha kujenga kwa jina la mpwa wana nafasi ya kumtafuta wakili wa kweli, asiye binamu wa mtu, na kumweleza habari yote tangu kiwanja kiliponunuliwa, mpwa akiwa amekaa hapo hapo anasikia. Ama wenzao wa Kenya, wao wamepata faraja nyingine: Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu Mkenya kushika uraia wa pili, na asiye raia kule huweza kukodishiwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Huenda mzee mwenye mke wa Malindi akaona kwamba nyumba ya Malindi, yenye jina la mkewe aliye raia, ni salama zaidi kwao wote wawili kuliko ua wa Bariadi. Lakini kwa hilo itambidi amuulize mkewe, jambo ambalo wazee wengi hawajalizoea.

Tena na akajaribu kabla hajauza. Akodi nyumba Bariadi mwaka mzima, kiangazi na masika, akaone matope ya ile ardhi nyeusi ya pamba na vumbi lake, akaone kama rafiki zake wa utotoni wapo au ni makaburi tu, akaone kama Kisukuma chake kimebaki ulimini au kimebaki ndotoni. Muscat aache chumba chake, na nauli ya kurudia, ya watu wawili, iwekwe mahali ambapo mtoto hawezi kuikopa.

Na kabla ya safari yenyewe, watoto wote na wakutanishwe katika chumba kimoja, wa Muscat na wa Toronto, hata kama ni kwa simu, na mpwa awemo, na bibi awemo, asiachwe jikoni. Iandikwe ni nani atakayefuatilia kibali kila kikikaribia kwisha, ni nani atakayetoa pesa za Bugando na kiasi gani, bibi atakaa wapi na kwa fedha ya nani siku ya arobaini ikipita, na mzee mwenyewe atamke wapi azikwe. Akisema ni pale pale atakapofia, basi hapana mtoto atakayekuja kuanza kuchangisha nauli ya maiti huku jeneza limesimama uani. Wote watie saini. Ambaye hataki kutia saini ajulikane siku hiyo, mzee angali Muscat na sanduku lake halijafungwa.